Soloisti na Sura Yake

Sisi wa kwaya tulimwita Soloisti, kwa sababu ndiye aliyeimba sehemu za mtu mmoja. Jina la ubatizo analo, na la ukoo pia, lakini mtaa wetu mzima wa Free Area sijui nani anayatumia. Hata mchungaji akisoma matangazo ya Jumapili husema, "Soloisti abaki kidogo baada ya ibada," na wateja hotelini kwake huagiza hivyo hivyo: "Soloisti, chapati na maharagwe." Siku moja nilimsindikiza kwa daktari wa meno, nesi akaita jina lake rasmi, akaita tena. Yeye amekaa tu kwenye benchi, anamsubiri huyo mwenye jina aingie, mpaka nikamsukuma kwa kiwiko.

Mimi ni fundi wa nguo. Kwa miaka mingi cherehani yangu ilikaa upande wa pili wa ukuta wa hoteli yake, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mabati, kwa hiyo kila alichoimba nilikisikia kabla kanisa halijakisikia. Kwenye kwaya mimi ni alto, sauti ya chini ya wanawake. Anayejua kwaya anajua maana yake: alto ni kama pindo la ndani ya sketi, likikosekana nguo inaharibika, lakini hakuna aliyewahi kulisifu pindo. Ninalisema hili mapema ili ujue kwamba anayekusimulia si malaika. Yule mama nampenda sana, na kuna siku nimetamani kumchapa kwa mwiko wake mwenyewe.

Sauti yake tuimalize haraka, maana sauti haielezeki kwa maandishi. Ilianzia chini, nzito, ikapanda bila kelele, na ilipofika juu ulijikuta umeacha ulichokuwa ukifanya. Nimewahi kushona mkono wa kulia wa blauzi upande wa kushoto kwa ajili ya sauti hiyo. Aliimba akikanda unga, akikaanga vitunguu, akigombana na mtu wa makaa. Aliweza kuacha ugomvi katikati, akamalizia ubeti, kisha akaurudia ugomvi pale pale alipouachia.

Sasa, katika hoteli ile kulikuwa na televisheni juu ya rafu, nayo ilicheza nyimbo za injili kuanzia chai ya kwanza mpaka sufuria zioshwe. Shida yake yote ilikaa pale juu.

Zamani kidogo kwaya yetu ilirekodi wimbo uliotokea kupendwa. Aliutunga yeye, akatufundisha yeye, akauongoza yeye, ndani ya studio iliyokuwa chumba cha kawaida chenye magodoro ukutani. Ilipofika zamu ya video, kamati ya kwaya ikamleta kijana wa kamera kutoka mjini, mwenye miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Akatupanga kwenye bustani, akatukagua mmoja mmoja kama mtu anayechagua viazi gunia likiwa bado wazi, mpaka akamfikia Soloisti.

"Mathe, sauti yako tunayo already," akamwambia. "Hapa mbele nataka fresh face."

Hiyo fresh face ikapatikana: msichana wa kwaya ya vijana, mrembo kweli, asiyeweza kushika noti hata umpe kwa mikono miwili. Akasimama mbele akifungua na kufunga mdomo, na Soloisti akapelekwa mstari wa mwisho kabisa, nyuma ya mwimbaji mmoja mrefu wa bezi. Kamati ilinyamaza. Soloisti pia alinyamaza, kwa sababu aliamini Mkristo hapiganii kiti cha mbele. Video ikatoka, wimbo ukaenda kutoka Gilgil mpaka Mau Summit, na ukiitazama kwa makini yote utaona ukosi wa nguo ya Soloisti, umetokea na kupotea. Ukosi huo niliushona mimi.

Basi wimbo huo ulichezwa hotelini kwake karibu kila siku, naye hakuweza kuusikia bila kuuimba. Asubuhi moja dereva wa lori aliyekuwa akinywa chai alivumilia, akavumilia, kisha akageukia jikoni.

"Mathe, na heshima zote, wacha kuharibia huyu dem wimbo yake. Wacha aimbe."

Mimi upande wangu niliacha kukanyaga cherehani. Soloisti akatoka jikoni na kikaango mkononi, akamtazama dereva, akatazama televisheni, akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa aproni.

"Pole sana, boss," akasema. "Nikuongezee chapati?"

Alicheka kwa dhati, si kwa kujikaza. Lakini wateja walipopungua alikuja akasimama mlangoni kwangu, unga bado mikononi, na aliyoniambia pale ndiyo yaliyomwendesha miaka yote iliyofuata.

"Mimi nitajifunza hiyo kazi ya video. Nataka mtu aone huo wimbo ukitoka kwa huu uso. Mara moja tu. Halafu hata nikifa ni sawa."

Nikamwambia mambo ya kufa ayaweke kando, akaangalie jiko, kuna kitu kinaungua.

Masomo yake yalikuwa ya mdomo kwa mdomo. Wapiga picha wa harusi walipita Free Area Jumamosi asubuhi wakielekea Naivasha au Subukia, na mtu mwenye safari lazima ale. Soloisti aliwakalisha meza ya karibu na jikoni, akawaongezea supu ambayo hawakuagiza, kisha akaanza. Kwa nini bibi harusi akisimama mbele ya dirisha uso unakuwa mweusi? Kwa nini picha inatetemeka na mkono haujatetemeka? Kwa nini mlima unaonekana mdogo kwa simu na kwa macho ni mkubwa? Kuuliza si ujinga, lakini yeye aliuliza mpaka supu ya watu ikapoa. Mmoja wao alinikuta nje akanilalamikia, "Huyu mathe anauliza kama polisi." Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika, kwa maana supu yenyewe ilikuwa tamu.

Vifaa vyake ungevicheka. Simu ilikuwa na ufa kwenye kona ya kioo. Kwa kurudisha mwanga usoni alitumia sinia la kuwekea chapati, lile kubwa la kung'aa, akimshikisha yeyote aliyekuwa karibu, na mara nyingi yeyote huyo alikuwa mimi. Jua likiwa kali alitandaza shuka jeupe juu ya kamba. Alipotaka picha itembee polepole kando ya waimbaji, alikaa kwenye wilbaro, magoti juu, simu mbele ya pua, akisukumwa na mumewe, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akikataa jambo. Gurudumu la wilbaro lililia kwii kwii mpaka wakalipaka mafuta ya kupikia, na kuanzia siku hiyo mbwa wote wa mtaa wakawa wanatufuata kwenye kazi.

Akishika simu aligeuka mtu mwingine. Huyu mama ambaye hotelini anakuita "mpenzi" hata kama humjui, kwenye kazi alikuwa mkoloni. "Wewe, kidevu! Wewe mwingine, acha kutabasamu, huu ubeti ni wa toba!" Alimfokea mzee wa kanisa. Alimfokea mchungaji. Alilifokea wingu moja lililosimama juu ya mlima Menengai likikataa kuondoka, na nitakula kiapo kwamba liliondoka. Kazi ikiisha alitupikia sote, akatukumbatia, na alishangaa kwa kweli mtu akiwa bado amenuna.

Alikuwa na misemo yake, na akishakupa mmoja huwezi kuutoa kichwani. Alisema chapati na video ni ndugu: ukigeuza mapema inararuka. Alisema kamera haina haya, kwa hiyo haya uwe nayo wewe. Alikataza kabisa kupiga picha saa sita mchana, akisema jua la saa hiyo ni shemeji mwenye kiburi, linakuja bila kuitwa na linasema kila kasoro ya nyumba. Saa tatu asubuhi au saa kumi na moja jioni, hizo ndizo zilikuwa saa zake, na hoteli ikabidi ijipange hivyo.

Lazima niseme habari za Salgaa. Mpiga picha mmoja alikuwa amemfunulia siri ya mwendo wa pole, ule ambao nguo zinapepea taratibu na bado midomo inafuatana na wimbo. Siri yenyewe ni kwamba siku ya kupiga unacheza wimbo mbio, waimbaji wanaimba mbio, halafu baadaye unaipunguza picha mpaka ilingane na wimbo wa kawaida. Soloisti alifurahi kama aliyepewa shamba. Akatupeleka Salgaa, wanakopumzika madereva wa malori, akiwaza malori yaliyopangana vile yatapendeza nyuma yetu, tukasimama kwenye kiwanja cha vumbi tukiwa na sare zetu za zambarau. Akawasha spika. Wimbo wa ibada, wa kumwabudu Mungu kwa utulivu, ukatoka kama kuku waliomwona mwewe.

Tukaimba hivyo. Mikono juu mbio, mikono chini mbio, piga magoti, inuka. Madereva na turniboi, wasaidizi wao wa lori, walitoka kwenye vibanda vya nyama, wengine na mifupa mkononi, wakatuzunguka.

"Mamaa, kwani mnachelewa kwenda mbinguni?" mmoja akauliza.

Soloisti hakuondoa jicho kwenye simu. "Ukitaka kucheka, chekea upande ule. Hapa uko kwa picha."

Walipozoea, wakaanza kucheza nasi, mbio vile vile. Nyumbani aliipunguza picha kwenye simu, akatuita tuone. Sijawahi kuona kitu cha heshima namna ile. Tulielea. Vumbi la Salgaa lilipanda taratibu kama uvumba, na nyuma yetu turniboi mmoja mwenye kipande cha nyama aliinua mikono kwa unyenyekevu ambao sidhani alikuwa nao. Watu waliandika chini ya video kwamba yule ndugu ameguswa.

Na kuna ile ya nywele, ambayo nadhani ni sisi tu tungeweza kuifanya. Wimbo mwingine uligawanywa Jumamosi mbili, nusu leo, nusu ijayo. Jumamosi ya kwanza tulipiga ubeti wa kwanza kule Lanet, jioni akatuonyesha. Wanawake wa kwaya wakajiona kwenye kioo cha simu. Hakuna aliyesema neno, lakini wiki hiyo saluni za Free Area zilijaa. Jumamosi ya pili tukatokea: mmoja na rasta nyekundu mpaka kiunoni, mwingine na wigi, mwingine amenyoa kabisa na kupaka rangi ya dhahabu, nami, sitajitoa, nilikuwa nimesuka mistari mipya na kuzificha mvi. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyepata wazo hilo.

Soloisti alitutazama mmoja mmoja.

"Kwani mnaenda harusi ya nani?" akauliza. "Wimbo ni mmoja. Dakika ya kwanza ni watu wengine, dakika ya pili ni watu wengine. Nitaambia watu nini?"

Mumewe akashusha vishikio vya wilbaro, akasema kwa sauti ile yake ndogo, "Si uweke kama Mungu amewatembelea?" Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ubeti wa dhiki ulipata nywele za zamani, mvua kidogo, na sura za kukata tamaa ambazo zilikuwa za kweli kwa sababu Jumamosi ile ya kwanza tulikuwa na njaa. Kiitikio cha furaha kikapata rasta nyekundu. Mchungaji aliitaja kwenye mahubiri, jinsi neema inavyombadilisha mtu hata unywele. Sisi tukaitika amina huku tukitazama chini.

Sifa zikasambaa, na watu wakaanza kumjia. Mzee wa gitaa kutoka Bahati, kijana wa kinanda kutoka Njoro aliyeimba Kikalenjin, akina mama wa chama, watoto wa Sunday school. Bei yake ilikuwa ya huruma na wengine aliwapigia bure. Ila alikuwa na sharti ambalo hakulilegeza hata siku moja: mwenye sauti ndiye mwenye sura. Hakuna kufungulia mtu mwingine mdomo. Bwana mmoja alikuja kutoka upande wa Molo na wimbo aliouimba mkewe, mama mnene mwenye pengo la jino, akataka mbele awekwe binti wa jirani. Mkewe alikuwa pale pale, amekaa, anatazama vidole vyake.

Soloisti akaizima simu akaiweka mfukoni. "Baba, nitawapikia chai mnywe, safari yenu ilikuwa ndefu. Lakini video hiyo sipigi."

Wakanywa chai. Katikati ya chai yule mama akaanza kuimba polepole, bila kuombwa, na mumewe akajikuna kichwa, na kabla jua halijazama video ikapigwa, pengo na kila kitu. Soloisti alimsogelea uso mpaka ukajaza kioo. Baadaye alinieleza kwamba pengo lile ndilo linaloleta mluzi mtamu kwenye herufi fulani, na watu wakiliona wataelewa.

Kwa hiyo utauliza, na yeye je? Wimbo wake ulikuwa wapi? Swali hilo nililiuliza mimi pia, tena kwa hasira, kwa sababu miaka ilikuwa inakwenda na televisheni juu ya rafu ilikuwa bado inamwonyesha yule msichana. Aliyeapa mbele yangu kwamba uso wake lazima uonekane alikuwa amewapiga video watu wa bonde letu zima isipokuwa yeye mwenyewe.

Ukweli ni kwamba alijaribu, na zaidi ya mara moja. Aliweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, akaigeuza imtazame, akavaa ile suti ya kitenge niliyomshonea kwa ajili hiyo hiyo, akaimba. Kisha akatazama, akafuta. Akajaribu tena wakati mwingine, nyuma ya hoteli, shambani kwa dada yake, akafuta. Siku moja nilimkuta kabla hajafuta, nikaomba kuona. Sauti ilikuwa ile ile. Lakini yule mwanamke kwenye picha alikuwa amekodoa macho, shingo imekakamaa, kama mtu aliyeitwa ofisini asijue kosa lake.

"Unaona?" akaniambia. "Sauti yangu haijazeeka. Sasa huyu ametoka wapi?"

"Ni wewe."

"Huyu si wa huo wimbo. Hata mimi nikimwona siwezi kumwamini." Akakaa juu ya ndoo. "Pengine yule kijana wa miwani alikuwa na haki. Pengine kuna watu ni wa kusikika tu."

Nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba kama yule mama wa Molo ana haki ya pengo lake, yeye ana haki ya uso wake, na kwamba kitenge kile nilikishona siku nne na sitaki kukiona kinavaliwa sokoni. Nilirudi kwenye cherehani nikiwa na huzuni iliyonishinda kuishona.

Mwaka jana nilihamia Njoro kwa binti yangu, na kwa miezi kadhaa tukawa watu wa simu tu. Kisha akanipigia kwa sauti ya kazi. Akina mama wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, walikuwa na kwaya na walimtaka awapigie video. Sare zao walitaka nishone mimi. Nikashona, za rangi ya machungwa, nikazibeba mwenyewe kwa sababu najua vipimo vya kutumwa kwa simu ni vya uongo.

Nilimkuta ufukweni amevaa viatu vya gambuti, sweta la jikoni na kofia ya marvin ya mumewe kichwani. Soloisti huyaogopa maji. Alikuwa amesimama mbali nayo kadiri alivyoweza, akiwafokea watu walio karibu nayo, na kila mara akiuliza kama viboko hutoka mchana. Alikuwa amepungua kidogo usoni. Tulishikana mikono tukachekana, nikamwambia gambuti zinampendeza.

Kwaya ile ilikuwa ya wanawake wa samaki na wa mashamba ya maua, wenye sauti za kuita mtu ng'ambo ya pili. Kazi ilikwenda vizuri asubuhi yote. Ila kulikuwa na mmoja aliyejificha. Kila simu ilipoelekezwa upande wake alijipenyeza nyuma ya mwenzake, na Soloisti, ambaye hakubali mtu afichwe, alipandwa na hasira.

"Wewe wa nyuma! Toka hapo. Kwangu hakuna mtu wa nyuma."

Akatoka taratibu, mtoto mgongoni, uso umeinama. Nilimtambua kabla ya Soloisti. Alikuwa yule msichana wa video yetu. Alikuwa amekuwa mtu mzima, mikono ina mikwaruzo ya miiba ya waridi, lakini uzuri ulikuwa pale pale.

Soloisti aliishusha simu. "Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na mbona unanikimbia?"

Yule dada akawatazama wenzake, kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, kama mtu aliyechoka kubeba debe. "Hawa wote wanajua mimi ndio niliimba ile wimbo. Mimi sijawahi kuwaambia, ni video iliwaambia. Kila harusi, 'tuimbie.' Kila matanga, 'tuimbie.' Hata kwa mazishi ya mama mkwe wangu waliniita mbele. Mimi nasema niko na homa. Mama, tangu hiyo video itoke mimi niko na homa."

Mama mmoja wa samaki akaangua kicheko, na wote wakafuata, hata yeye mwenyewe, akicheka na kulia pamoja. Soloisti alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya kreti ya samaki.

"Sasa waambie," yule dada akamwomba. "Waambie ni nani aliimba, nipumzike."

"Ni mimi," akasema Soloisti, akijipangusa macho.

Wanawake wa Kamere wakamtazama: gambuti, sweta, marvin. Ilionekana wazi hawakuamini. "Kama ni wewe, imba," mmoja akasema, si kwa ubaya.

Soloisti akainuka kwenye ile kreti akaimba. Niliingia na alto yangu ubeti wa pili, kwa sababu sikuweza kujizuia. Na wakati huo yule dada alimkabidhi jirani mtoto, akaichukua simu ya Soloisti pale ilipokuwa imelazwa, akamwelekezea mwenyewe akiimba. Soloisti alimwona. Akakatiza wimbo.

"Weka hiyo simu chini. Sijavaa. Na ni saa sita, wewe, jua liko hapo juu!"

"Siweki," akasema yule dada. "Hiyo siku walikuweka nyuma na ukanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Leo imba tu, mama."

Nilidhani Soloisti atamnyang'anya. Badala yake alivuta pumzi, akaanza upya tangu mwanzo. Ubeti wa kwanza wale wanawake walisikiliza tu, midomo wazi. Kufikia kiitikio walikuwa wameuchukua, wote, kwa sauti zao za ng'ambo, na Soloisti alipanda juu yao bila kelele kama alivyopanda siku zote.

Ulipoisha akanyoosha mkono apewe simu. Akatazama mpaka mwisho. Akarudia. Jua la saa sita lilikuwa limeonyesha kila mkunjo, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya alama ya kufuta. Yule dada alinishika mkono, nami nikamshika.

"Kumbe huwa nafunga macho," akasema Soloisti.

"Nini?"

"Nikiimba. Nafunga macho." Akanigeuzia simu. Ni kweli, alikuwa ameyafunga, na uso wote ulikuwa umelegea, mzee na mtulivu, uso niliouona kila Jumapili ya maisha yangu na ambao yeye, akijipiga video peke yake huku macho yakichunga kioo cha simu, hakuwahi kuuona hata mara moja. "Miaka hii yote. Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua," nikamwambia.

Akaitazama tena picha ile, kwa upendo, kama mtu anayemtazama dada yake. "Huyu ndiye wa huo wimbo," akasema. Akabonyeza akaiweka hewani pale pale, bila kukata wala kupamba, na mimi na yule dada tulipoanza kulia akatufokea tusogee kando, tunamzibia mtandao.